Chokaa Ndani ya Birika: Nani Anayelipia Ugumu wa Maji ya Lamu?

Lamu neno birika lina kazi mbili. Birika la kwanza ni lile la chai. La pili ni tangi la mawe lililojengwa ndani ya nyumba za kale, ambamo wenyeji walifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini yake wakazika bakuli la kauri ya Uchina ili maji yakipungua samaki wapate pa kujihifadhi. Mabirika yote mawili yana mgeni mmoja asiyetoka: ukoko mweupe, mgumu, unaong'ang'ania kuta hadi ukwanguliwe kwa kisu au uloweshwe kwa ndimu.

Ukoko huo si uchafu. Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayohayo. Mvua inapozama ardhini hubeba kaboni dioksaidi, ikayeyusha matumbawe na maganda ya viumbe wa bahari kidogo kidogo. Maji yakichemshwa, gesi hutoroka na kilichoyeyuka hurudi kuwa jiwe. Wajenzi walichoma jiwe kupata chokaa ya ukuta. Mama wa nyumbani anachemsha chai na kuipata ya bure, bila kuitaka.

Ugumu wa maji hupimwa kwa miligramu za kalisi kaboneti katika kila lita. Yaliyo chini ya 60 huitwa laini, na yanayopita 180 magumu sana. Kiwango cha Afrika Mashariki kinachotumika Kenya kinaruhusu hadi 300 kwa maji ya kunywa yaliyosafishwa, na hadi 600 kwa maji ya asili yasiyopitia mtambo. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo chochote cha kiafya kwa ugumu. Maana yake ni kwamba maji yanaweza kufaulu kila kipimo cha daktari na bado yakamtia hasara mwenye nyumba. Ugumu ni jambo la mfuko zaidi ya tumbo.

Tuchukue kalamu. Maji yenye ugumu wa 300, yaani yaliyofika mpaka wa kiwango, hula karibu gramu 1.8 za sabuni halisi kwa kila lita kabla povu halijatokea. Sabuni hiyo hugeuka utando wa kijivu unaobaki kwenye beseni na kwenye kanzu. Mtungi mmoja wa lita 20 humeza gramu 37 hivi. Mche wa gramu 800 huishia kwenye mitungi ishirini na kitu, na nguo hazijaanza kutakata. Dobi anayefua kwa maji ya kisima hahitaji somo hili. Ama ataongeza bei, ama atahamia sabuni ya unga, ambayo haigandi na kalisi kwa namna hiyo. Upande wa jikoni, nyumba inayochemsha lita tano kwa siku hupitisha zaidi ya nusu kilo ya madini kwa mwaka. Si yote hugeuka ukoko, lakini sehemu inayoganda hukaa palepale kwenye koili, ikauzuia moto usifike kwenye maji. Bili ya umeme hupanda, kisha koili huungua, na fundi akapata kazi.

Gharama hizi hazionekani kwenye bili ya maji. Tangu Katiba ya 2010, huduma ya maji ni jukumu la kaunti. Lamu kazi hiyo iko mikononi mwa kampuni ya maji ya LAWASCO, na bei huidhinishwa na mdhibiti wa taifa, WASREB. Bei hiyo huhesabiwa kwa ujazo. Sabuni, koili, gesi, chupa ya maji ya kunywa, vyote hulipwa dukani, kidogo kidogo, na hakuna anayevijumlisha.

Hapo ndipo wauza vifaa huingia, na hapo ndipo mnunuzi huchanganyikiwa, kwa kuwa pwani tunaita kila kitu "maji ya chumvi". Kuna ugumu, ambao ni kalisi na magnesi. Kuna chumvi yenyewe, inayoanza kusikika ulimini kloridi ikipita takriban miligramu 250 kwa lita. Na kuna vijidudu, hatari halisi katika mitaa ya kale ambako visima na mashimo ya vyoo vimekaa bega kwa bega. Kuchemsha huua vijidudu na kupunguza sehemu ya ugumu, ila chumvi haiguswi. Chujio la mkaa huondoa harufu na ladha ya klorini; kalisi hupita kama haikuona mlango. Mashine ya kulainisha hubadilishana kalisi kwa sodiamu, basi sabuni hutoa povu zuri, lakini chai haiwi tamu zaidi. Ni mashine ya utando mkali, ile inayosukuma maji kwa shinikizo kubwa, ndiyo inayoondoa ugumu na chumvi kwa pamoja. Nayo ndiyo ya bei. Mwenye nyumba ya wageni akinunua kifaa kabla ya kupima kisima chake, amenunua dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Nishati ndiyo huamua biashara hiyo. Kuchuja maji ya bahari hutumia kama yuniti tatu hadi nne za umeme kwa kila lita 1,000. Maji ya kisima yaliyochanganyika na chumvi kidogo hutumia pungufu ya hapo, pengine chini ya nusu. Kiunga, kaskazini mwa kaunti karibu na mpaka wa Somalia, shirika la GivePower lilijenga mwaka 2018 mtambo wa jua uliokusudiwa kutoa lita 75,000 kwa siku. Ng'ambo ya mkondo kutoka mji wa Lamu, kisiwani Manda, kiu ni ya zamani: mji wa Takwa ulihamwa katika karne ya 17, na visima kuingia chumvi hutajwa miongoni mwa sababu. Leo wachonga mawe wa Manda Maweni, ambao matofali yao ya matumbawe ndiyo yanayojenga Lamu na Shela, bado wanahangaikia maji matamu, jirani na hoteli za kifahari.

Mali yenyewe ya mji iko Shela, chini ya vilima vya mchanga. Mvua hunywewa na mchanga huo na kuhifadhiwa kama utando wa maji matamu unaoelea juu ya maji ya bahari, mithili ya mafuta juu ya mchuzi. Mholanzi Badon Ghyben mwaka 1888 na Mjerumani Herzberg mwaka 1901 walieleza hesabu yake: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia mita 40 hivi chini yake. Shusha kina cha juu kwa mita moja, na baada ya muda bahari hupanda kwa mita 40. Kwa hiyo mzozo wa viwanja na ujenzi juu ya vilima vya Shela, uliozungumzwa kwa miaka mingi, ni mzozo juu ya tangi la mji. Mabwawa ya kuogelea hutegemea tangi lilelile, na punda wanaobeba mitungi vichochoroni pia.

Na mashine ya utando ina mkia. Sehemu ya maji yanayoingia hutoka yakiwa yamejaa chumvi yote iliyokataliwa, na kisiwa hakina pa kuyapeleka ila baharini au mchangani. Bomba la kufika baharini ni gharama, mchanga uko mlangoni. Yakimwagwa nyuma ya nyumba hushuka taratibu kuelekea kisima cha jirani, na baada ya masika mbili tatu jirani huyo naye atakwenda dukani kuulizia bei ya mashine.