Figa Moja Haliinjiki Chungu

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, viongozi wetu hushika majembe, hupanda mche mmoja mmoja mbele ya kamera, kisha hutuhimiza kuyatunza mazingira. Mwaka 2023 serikali ilipiga hatua zaidi, ikaitangaza tarehe 13 Novemba kuwa siku ya mapumziko ili kila Mkenya apande miti, katika juhudi za kufikia shabaha ya miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Hakuna mwenye akili timamu atakayeipinga nia hiyo. Hata hivyo, nina dukuduku moja. Hotuba hizi aghalabu huishia uwanjani. Hazivuki kizingiti cha mlango wa jikoni, mahali ambapo miti hiyo hiyo huliwa asubuhi, adhuhuri na jioni, siku zote za mwaka.

Rai yangu ni kwamba nyumba haigeuzwi kwa hotuba wala kwa amri ya siku moja. Nyumba hugeuzwa kwa tabia moja baada ya nyingine, kuanzia pale mzigo unapouma, na kwa sharti kwamba yule anayeamua na yule anayebeba waketi pamoja. Ili nisije nikalaumiwa kwamba ninaelea hewani kama wasomi wengine, nitautoa mfano wangu Ntimaru.

Ntimaru iko Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, karibu sana na mpaka wa Tanzania, na ng'ambo ya pili ni Tarime. Ni nchi ya vilima na mvua ya kuridhisha. Hustawi mahindi, ndizi, maharagwe na, kwa muda mrefu sasa, tumbaku. Tangu miaka ya 1970, kampuni za tumbaku zilipoanza kuweka mikataba na wakulima wa sehemu hizo za kusini mwa Nyanza, zao hili limelipia karo nyingi na kuezeka nyumba nyingi mabati. Hilo sharti tulikubali. Lakini zao hili lina tumbo kubwa. Majani ya tumbaku ya aina ya Virginia hukaushwa bandani kwa joto la moto unaowaka usiku na mchana kwa karibu juma zima, na katika mabanda ya wakulima wadogo moto huo ni wa kuni. Msimu baada ya msimu, banda hula magogo. Kinachobakia kwa ajili ya jikoni ni vijiti, matawi na mabua. Banda na jiko hushindania mti mmoja, na jiko ndilo hushindwa, kwa kuwa banda huleta pesa ilhali jiko huleta ugali tu! Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Katika vilima hivyo, gogo limekaribia kwisha.

Mwaka 2022 mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, yaani lile la afya, la kilimo na la mpango wa chakula, yalishirikiana na serikali ya Kenya kuanzisha mradi katika Kaunti ya Migori wa kuwasaidia wakulima kuiacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Ni mradi wa kupongezwa. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kupika maharagwe anajua kwamba nayo hupenda moto. Familia ikiacha kulisha banda lakini ikaendelea kuchemsha maharagwe makavu kwa saa nyingi juu ya mafiga matatu, msitu utakuwa umepunguziwa mzigo mkubwa tu, bila kutuliwa wote. Kwa hivyo turudi jikoni.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ya kusikiliza jinsi watu wanavyosema hunifikisha sehemu hizo za mpakani mara kwa mara. Nimetambua kwamba neno "mazingira" husikika sana katika baraza la chifu na darasani, na halisikiki kabisa jikoni. Siku moja nilimwuliza mama mmoja wa Ntimaru, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kama cha majirani zake wa Tarime, nyumba yake inayatunza mazingira kwa namna gani. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mwalimu, hayo mazingira mimi sijakutana nayo. Ninayoyajua ni kuni, maji na moshi."

Jawabu hilo lina hekima kuliko makala mengi ya kitaaluma. Neno "mazingira" limetokana na kitenzi "zingira", yaani kukizunguka kitu pande zote. Ni neno zuri, lakini humfanya msikilizaji adhani kwamba jambo lenyewe liko huko nje, mbali naye. Kuni haziko mbali. Ziko utosini mwake. Moshi nao umo kifuani mwake na kifuani mwa mtoto aliyembeba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mnamo mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani iliwaua watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Anayetaka kuigeuza nyumba ya Ntimaru na aanze na maneno yale matatu ya mama yule: kuni, maji, moshi.

Kuna watu waliolielewa jambo hili zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa jua kali jijini Nairobi walianza kutengeneza lile jiko la mkaa lenye kiuno chembamba na bitana ya udongo, kwa kufuata wazo lililotoka Thailand. Leo jiko hilo limeenea pote nchini. Kwa watu wa mashambani wanaotumia kuni, lilibuniwa jiko jingine la bitana ya udongo inayojengewa jikoni kwa mawe na matope, na makundi ya akina mama wa upande wa Kisumu yakaufanya ufinyanzi wake kuwa biashara. Zingatia jina ambalo jiko hilo lilipewa: Upesi. Hawakuliita Mazingira, wala Okoa Msitu. Walimtajia mpishi kile anachokitaka, yaani chakula kiive haraka ili naye apate kupumua, na msitu ukafaidika humo humo. Hilo ni somo la lugha na pia ni somo la siasa.

Je, nyumba ianzie wapi? Ianzie na yale yasiyogharimu hata ndururu. Kuni zipasuliwe na kuanikwa hadi zikauke vizuri kabla ya kutiwa motoni, kwa sababu kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kuyakausha maji yaliyomo ndani yake, na hutoa moshi mwingi. Sufuria ifunikwe. Maharagwe na mahindi makavu yalowekwe usiku kucha, na maji hayo yamwagwe kabla ya kupika. Chakula kikiiva, kuni ziondolewe na kuzimwa badala ya kuachwa ziteketee bure. Mtu anaweza kuyaona mambo haya kuwa madogo mno kuandikiwa gazetini. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mwanamke anayeokoa mzigo mmoja wa kuni kila juma ameokoa safari 52 kwa mwaka.

Tabia hizo zikisha kuzoeleka, nyumba ijenge jiko lenye bitana. Baadaye ijaribu kikapu kilichojazwa majani makavu ya migomba au matambara: maharagwe yakisha kuchemka kwa nguvu juu ya moto kwa muda wa kutosha, sufuria hutiwa humo, ikafunikwa vyema, nayo huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe wakati mpishi yuko shambani. Mwenye uwezo wa kununua mtungi wa gesi na anunue, japo kwa ajili ya chai ya asubuhi. Tukumbuke, hata hivyo, kwamba kodi ya asilimia 16 iliyotozwa gesi ya kupikia tangu Julai 2021, kabla ya kupunguzwa na hatimaye kuondolewa, iliwarudisha wengi kwenye mkaa na kuni. Serikali haiwezi kutuhubiria miti kwa mkono mmoja na kutufukuza kwenye gesi kwa mkono mwingine.

Sasa nifike kwenye kiini cha jambo hili, ambacho wengi hukikwepa. Katika nyumba nyingi nilizozizoea, mwanamume ndiye mwenye mti. Yeye huamua upandwe wapi, ukatwe lini, uuzwe kwa nani. Mkataba wa tumbaku aghalabu huwa kwa jina lake, na pesa huingia mkononi mwake. Mwanamke na binti zake ndio wanaotafuta kuni. Basi anayebeba mzigo hana uwezo wa kuamua, na anayeamua hausikii uzito wake. Mwenye nyumba anaweza kusema kwa dhati kwamba jiko la zamani halina kasoro, kwa sababu kwake yeye kweli halina: chakula huja mezani kikiwa moto. Hesabu ya kuni hulipwa na shingo ya mwingine, na pengine kwa saa ambazo binti alipaswa kuwa na kitabu.

Ndiyo maana miradi mingi ya majiko hufa baada ya wafadhili kuondoka. Mama hufunzwa peke yake, akarudi kwenye nyumba ambamo hana kauli juu ya mti, shilingi wala udongo wa kujengea. Mafiga ni matatu, na wahenga walinena kwamba figa moja haliinjiki chungu. Mama ni figa moja. Baba ni la pili. Watoto, ambao shuleni hufundishwa habari za mazingira na nyumbani hawaulizwi chochote, ni la tatu. Na baba atenge mstari mmoja wa miti kando ya shamba ambao hautauzwa wala kupelekwa bandani, uwe ni wa jikoni tu, na mama ndiye awe na neno la mwisho juu yake. Ipandwe miti inayovumilia kupogolewa na kuchipua tena, kama grevilea, au ule mti ambao majirani Waluo huuita siala. Mikaratusi nayo isisongezwe karibu na chemchemi, kwa maana kiu yake inajulikana.

Kuhusu maji sitasema mengi, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba ya mabati yenye paa la mita mraba 40 ikipata mvua ya milimita 10, hiyo ni lita 400, ukitoa kidogo kinachopotea, yaani mitungi 20 ya lita 20 ambayo hakuna mtu atakayelazimika kuiteka mtoni. Tumbaku ilileta mabati. Mfereji mmoja wa bati na pipa vitayafanya mabati hayo yalipe mara ya pili.

Vipi kuhusu taka? Hapa pia lugha ina lake la kusema. Kitu kikisha kuitwa "taka", mkono hukitupa bila kushauriana na akili. Kikiitwa "mabaki", mtu huuliza: ni mabaki ya kumpa nani? Maganda ya ndizi ni ya mbuzi au ya shimo la mbolea. Magunzi ya mahindi ni ya kuwashia moto. Hayati Wangari Maathai, aliyeasisi Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alivutiwa mno na neno la Kijapani mottainai, linaloeleza majuto ya kukipoteza kitu chenye thamani, akalieneza duniani. Sisi tuna neno "israfu", ambalo tumeliachia mimbarini. Na lirudi jikoni.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nayo inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza. Lakini ni jikoni mwa nani sheria hiyo imefika? Bado kuna nyumba zinazowashia moto vipande vya plastiki kwa sababu hushika haraka, na moshi wake wenye sumu humwingia yule yule mtoto aliye mgongoni. Tabia hiyo haitaondolewa na askari. Itaondolewa na mtu wa nyumbani aliyeweka magunzi makavu karibu na jiko tangu jioni.

Najua kuna watakaoniuliza: viwanda vya nchi tajiri ndivyo vilivyoichafua dunia, kwa nini mzigo huu apewe mwanakijiji wa Ntimaru? Swali hilo ni la haki, na ninaliunga mkono linapoulizwa katika mikutano ya kimataifa. Lakini mama wa Ntimaru haambiwi abadilishe jiko ili kulipa deni la Ulaya na Marekani. Anabadilisha jiko kwa sababu kifua ni chake, shingo ni yake, na kilima kinachomomonyoka ndicho shamba la wanawe. Dunia ikinufaika pia, na ishukuru.

Nawaomba basi machifu na wazee wa mitaa, katika baraza zijazo, wayaweke kando maneno makubwa na kuwauliza wanaume swali moja tu mbele ya wake zao: katika boma lako, mti wa jikoni ni upi? Asiyeweza kuuonyesha kwa kidole na apewe mche aende nao nyumbani siku hiyo hiyo.