Jicho la Mkunga na Mstari wa Mfuko

Mtu atokaye katikati ya jiji la Nairobi akapanda Upper Hill, akaipita Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na majengo ya elimu ya tiba ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akashika Barabara ya Ngong hata Kabarnet Lane, iliko afisi ya Baraza la Wauguzi la Kenya, atakuwa amepita, katika masafa mafupi, mahali muuguzi anapohudumu, anapofunzwa, na anapopewa leseni. Nami sioni swali linalozihusu nyumba hizo tatu kuliko hili: je, alifanyalo muuguzi kando ya kitanda limesimama juu ya ithibati, au juu ya mazoea tu?

Tuitazame kadhia ya damu imtokayo mzazi kupita kiasi baada ya kujifungua, ambayo ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo vya wazazi duniani. Tangu zamani mkunga aliikadiria kwa jicho: akatazama shuka, pamba na sakafu, akakisia. Lakini damu hunywewa na nguo, huchanganyika na maji ya uzazi, na aghalabu kadiri inavyozidi ndivyo jicho linavyoipunguzia hesabu, hata likiwa jicho la mkunga hodari aliyezalisha maelfu. Hilo si taksiri yake. Ndivyo lilivyo jicho la binadamu.

Ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Birmingham na wenzao wa Afrika, akiwamo Profesa Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walipofanya utafiti ulioitwa E-MOTIVE katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusu wazazi 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali zilipigiwa kura: nyingine zikabaki na desturi zao, nyingine zikapewa shuka ya plastiki ya kumtandikia mzazi, yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu ikifika mililita 300, yaani chupa ya soda, na hali ya mzazi imeanza kubadilika, au ikifika 500, yaani pakiti ya maziwa ya nusu lita, mkunga huanza tiba pasipo kungoja.

Na tiba yenyewe haiji kwa zamu, moja ikijaribiwa na kusubiriwa kabla ya nyingine, kama ilivyokuwa ada. Huja yote kwa mkupuo: tumbo hukandwa ili fuko la uzazi likaze na kuibana mishipa iliyo wazi, oksitosini ikasaidia kukaza huko, asidi ya traneksamiki ikazuia damu iliyoganda isiyeyuke, dripu ikatiwa, na mzazi akachunguzwa ijulikane damu yatoka wapi. Matokeo yalipochapishwa Mei 2023, ilidhihirika kwamba kati ya waliopatwa na balaa hilo, asilimia 93 waligunduliwa mapema, dhidi ya 51 penye desturi ya kale. Na madhara makubwa, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya kuvuja damu, au kufa kwa sababu hiyo, yaliwapata asilimia 1.6 ya wote waliojifungua badala ya 4.3.

Wako wanaodhani utafiti huja kumvua muuguzi heshima ya tajiriba yake. Mimi naona kinyume: katika tiba ile hamna dawa hata moja iliyokuwa mpya, kilichoongezwa ni kipimo na utaratibu, na vyote viwili vimetiwa mkononi mwa mkunga mwenyewe, ambaye halazimiki tena kumngoja daktari aje kumwambia kwamba mzazi anavuja.

Lakini kipimo hakimfai muuguzi asiye na nafasi ya kukitazama: watafiti waliowaangalia watoto wachanga 216 katika hospitali sita za hapa Nairobi, wakikaa kando yao saa kwa saa, walikuta kazi nyingi za uuguzi hazifanyiki, na kwamba kadiri watoto walivyozidi kwa muuguzi mmoja ndivyo huduma ilivyopungua. Basi atakayenunua mifuko ya kupimia damu kwa ajili ya wodi zetu, na aandike katika bajeti ile ile mishahara ya wauguzi wa zamu ya usiku.