Pikapu Kuukuu na Mshale wa Joto Usiotulia

Ndugu Mkulima, huenda wewe hupeleka nyanya au kabeji Nairobi kwa pikapu kuukuu. Ukifika Barabara ya Jogoo, magari yamesongamana, mshale wa joto waanza kupanda na kushuka. Usiudharau. Hedi ya injini ikipinda kwa joto, faida ya mavuno yote yaweza kuishia kwa fundi.

Simama kando, zima injini, ungoje ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Maji yatakurukia na kukuunguza.

Kwanza, tazama maji. Yakipungua, hewa huingia ndani na mshale huyumba. Jaza, kisha tafuta yanapovuja.

Pili, tazama kifuniko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hapo maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100. Kifuniko kizima huyabana maji yasichemke mapema. Mpira wake ukichakaa, nunua kingine.

Tatu, joto likipanda gari likisimama na kushuka likienda, kagua feni na mkanda wake.

Nne, themostati ikikwama na kuachia, mshale hupanda ghafula kisha hushuka. Ibadilishe. Mtu akikushauri uiondoe tu, usikubali: injini isiyopata joto lake hula mafuta mengi na kuchakaa upesi.

Maji yakizidi kupungua bila kuvuja, au mapovu yasipokoma, huenda gasketi ya hedi imeungua. Usiendelee na safari. Mwite fundi, kwa mfano kutoka Kariobangi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.