Viputo vya Sufuriani: Je, Maji Yamechemka?

Nani kati yetu hajaona jambo hili? Jioni twateka maji ya baridi, twajaza bilauri na kuiacha mezani. Asubuhi twakuta viputo vidogo vimejipanga ndani yake kama shanga. Hapakuwa na moto, wala hakuna aliyeyatikisa maji. Vimetoka wapi?

Tujue kwanza ya kuwa maji huficha hewa ndani yake. Samaki huvuta hiyo hiyo. Lakini kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo yanavyoshindwa kuishika. Lita moja ya maji yaliyo karibu kuganda yaweza kushika miligramu 14 hivi za oksijeni. Yakifika digrii 30, hayashiki hata 8. Hewa iliyozidi hutafuta njia ya kutoka.

Walakini kiputo hakizaliwi kwa urahisi katikati ya maji, kwa maana maji hushikamana na kukibana. Huhitaji mahali pa kuanzia: mkwaruzo mdogo wa chombo, au chembe ya vumbi, ambamo hewa kidogo ilinaswa maji yalipomiminwa. Hewa ya majini hujiunga nayo, kiputo hukua, na kikiisha kuwa kikubwa hung’oka na kupanda juu. Hewa kidogo husalia katika ufa, na kiputo kingine huanza pale pale.

Sasa twende jikoni, maana huko jambo hili lagusa uhai wetu. Sufuria ikiwekwa motoni, viputo vile vile huonekana mapema, maji yakiwa bado vuguvugu. Makaa ni ghali, watoto wana kiu. Mama aviona viputo, asema, “Yamechemka,” na kuepua. La! Ile ni hewa inayotoka tu. Vijidudu vya ugonjwa vingali hai. Hapa Kivu tunajua gharama yake: mwaka 1994, kule Goma, kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi.

Kuchemka kweli ni kitu kingine. Hapo maji yenyewe hugeuka mvuke, na viputo vikubwa hupanda kwa nguvu toka chini hata uso wote wa maji ukavurugika. Bukavu, kwa kuwa iko juu kadiri ya mita 1.500, maji huchemka karibu digrii 95, nayo yatosha kuviua vijidudu hivyo. Wataalamu wa afya hushauri yaachwe yatokote hivyo dakika 1 nzima. Na milimani, kupita mita 2.000, dakika 3. Kisha yafunikwe, yapoe katika chombo safi.

Nanyi wanafunzi, mkae karibu na sufuria ya nyumbani leo jioni. Vitazameni viputo vya kwanza vikishika ukuta, kisha ngojeni vile vikubwa. Mkiisha kuona tofauti kwa macho yenu, mwambieni mama asiepue upesi.