Mnyama wa Majini Avutaye Hewa ya Juu

Katika mabonde ya Mweso, mashariki ya Kongo, ambako maji ya vilima vya Masisi huteremka kwa kasi na kuelekea magharibi hadi yaingie mwishowe katika mto Kongo, bahari ni habari ya kusikia tu, na pomboo na nguva ni wanyama wa picha. Walakini kila mwenye bwawa la samaki huko anaijua shida iwakeshezayo watunzaji wa mahodhi makubwa ya Ulaya na Marekani wanamofugwa wanyama hao. Alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, huwakuta tilapia wake wamepanda wote juu, vinywa wazi, wakigombea maji ya usoni yenye hewa kidogo. Naye, bila kumwuliza mtaalamu yeyote, hufungua mfereji aingize maji mapya, maana anajua kwamba samadi aliyoitia ili kulirutubisha bwawa imezidi kadiri. Samaki amemwonya mapema.

Mnyama anyonyeshaye hatoi onyo la namna hiyo. Nyangumi, pomboo, sili na nguva, ingawa maisha yao ni ya majini, wana mapafu kama sisi, na damu ya moto, na maziwa ya kunyonyeshea watoto wao. Na pomboo huvuta pumzi kwa tundu lililo utosini, akichomoza kidogo na kuzama tena. Basi hewa iliyomo majini ikimalizika, yeye hana habari. Ataendelea kucheza na kurukia samaki anaotupiwa, na watazamaji watashangilia, ilhali maji yamekwisha kuharibika. Madhara yake huja polepole, kwa macho yawashayo na ngozi ichubukayo, na aghalabu yakidhihiri huwa yamekwisha kukomaa. Ndiyo sababu mtunza hodhi mwenye busara haridhiki kumtazama mnyama, huyapima maji.

Kazi yenyewe si nyepesi. Mkojo na kinyesi cha mnyama mkubwa alaye samaki kutwa hutoa amonia, ambayo ni sumu, na katika bahari huchukuliwa na mawimbi, lakini ndani ya kuta nne haina pa kwenda. Hivyo maji husukumwa kwa pampu yapite katika machujio ya mchanga, na katika mahodhi mengi huachwa pia vijidudu wa bakteria wastawi juu ya mchanga au mawe, kwa kuwa wao huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo ubaya wake ni mdogo zaidi. Wengine hutia klorini iue vijidudu, nayo ni dawa yenye hila: ikikutana na amonia huzaa michanganyiko inayochoma macho ya mnyama na ya mhudumu pia. Hata chumvi ina hesabu yake, kwa maana pomboo wa baharini akikaa siku nyingi katika maji matamu ngozi yake hufanya vidonda. Sheria ya Marekani inaagiza maji hayo yapimwe walau kila juma kwa ajili ya vijidudu vya kinyesi, na hesabu yao isizidi 1,000 katika mililita 100. Kwa rai yangu kanuni hiyo ni ya haki, ila haimrudishii pomboo bahari yake.

Anayetaka kuyaona mambo haya pasipo kioo wala pampu, na amtazame kiboko. Wajuzi wa nasaba za wanyama wamethibitisha kwamba katika wanyama wote walio hai, jamaa wa karibu kabisa wa nyangumi ni huyu. Usiku hupanda nchi kavu akala majani kadiri ya kilo 40, na mchana hurudi majini, akipigapiga mkia wake mfupi huku akinya, hata kinyesi kikatawanyika pande zote.

Huko Kenya, katika mto Mara, wataalamu walikadiria kwamba viboko zaidi ya 4,000 huumwagia mto kilo 8,500 za majani yaliyosagika nusu kila siku. Wakati wa kiangazi, mto unapopungua na madimbwi ya viboko yakatulia, kinyesi hutuama chini na kuoza, hewa ikaisha, amonia ikazidi, na kukatokea ile gesi inukayo kama yai viza. Kisha mvua ikinyesha milimani, maji huja kwa ghafla, huyazoa yaliyotuama na kuyapeleka chini. Na utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba samaki wa huko hufa kwa wingi, wakaliwa na mamba na makorongo. Viboko wenyewe, maadamu pua zi juu ya maji, hawana neno.

Lakini kinyesi kile kile katika Ziwa Edward, kaskazini-mashariki ya Masisi, kimekuwa riziki. Ziwa hilo ni pana, hutikiswa na upepo, hupokea mito ya Rutshuru na Ishasha, na maji yake hutoka kwa mto Semliki. Humo samadi ya kiboko haipati nafasi ya kuozea mahali pamoja, bali hulisha mwani mdogo ambao tilapia huula. Katika miaka ya 1970 Hifadhi ya Virunga, ambamo sehemu ya ziwa hilo imo, ilikuwa na viboko wapatao 30,000. Kufikia mwaka 2005, baada ya vita na mauaji ya kutafuta nyama na meno, hawakufika 1,000. Wavuvi wa Vitshumbi, kando ya ziwa, wakalalamika kwamba samaki nao wamepungua. Wako wanaosema sababu ni wingi wa mitumbwi na nyavu za macho madogo, wako wanaosema ni kutoweka kwa viboko, nami sioni kwa nini tulazimike kuchagua: nyavu huwamaliza samaki waliopo, na ziwa lisilopata samadi haliwakuzi wengine upesi.