Stakabadhi ya Mbeta

Msomaji wa Mgololo ananiuliza: kampuni ya Marekani inanunuaje umeme wa Goma wakati hakuna waya unaovuka bahari?

Haukuvuka. Mwaka 2020 Microsoft ilinunua vyeti vya umeme wa jua wa kampuni ya Nuru, yenye mtambo wa megawati 1.3 mjini Goma. Umeme ulitumika palepale, na fedha za vyeti zikaweka taa za barabarani mtaa wa Ndosho.

Habari za paneli na mitambo naziruka, mnazijua. Kwenu Mufindi mna mtambo wa Mwenga, megawati 4 za maji tangu 2012. Twende kilabuni.

Ni masika, ulanzi, pombe ya mianzi, umejaa. Wagema watano wanaleta mbeta zao za mwanzi, mama muuza anazimimina zote katika pipa moja. Wanne wamegema alfajiri; wa tano, tuseme, kaongeza maji na sukari. Ukishachota, hakuna ulimi utakaojua tone lipi ni la mlanzi upi. Gridi ndivyo ilivyo: maji ya Mwenga na gesi ya Mtwara, pipa moja. Sasa mama anabuni ujanja. Kila mbeta safi ikimiminwa, anaiandikia karatasi. Ulanzi unauzwa kwa wanywaji kama kawaida. Karatasi inauzwa, kwa faida ya mgema, kwa yeyote anayetaka kusema "mbeta safi ile nimeilipia mimi", hata kama yuko Makambako na hanywi pombe. Mgema kalipwa mara mbili kwa mbeta moja! Na mnywaji, karatasi ikishauzwa, hana tena haki ya kujisifu kwa usafi: anakunywa mchanganyiko.

Kwenye umeme, mbeta ni uniti 1,000, zilezile za LUKU.

Karatasi hiyo wengi huiita cheti. Siafiki, cheti hupewa aliyefaulu. Wakulima wa korosho wana stakabadhi ghalani, basi hii nayo iwe stakabadhi. Tabu ni kitendo cha mwisho: mnunuzi akishajisifu, isiuzwe tena. Kuistaafisha? Mstaafu ana pensheni. Kuichana? Watu wa kiwanda cha karatasi hapo Mgololo mnisamehe, hii iko kwenye kompyuta. Nimeamua: tunaizika.

Kama stakabadhi inazaa mtambo mpya au inampongeza tu aliyekwisha kujenga, watu bado wanabishana. Kivutio kikuu kwa wazalishaji wadogo nchini ni mkataba sanifu wa kuiuzia TANESCO umeme, hadi megawati 10. Stakabadhi ni nyongeza. Mwenga ukizunguka kwa nguvu zote ungestahili nne kwa saa. Zamu moja ya usiku, saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, ni 48.