Utando Unaorefusha Maisha ya Betri

Betri ya simu ikichoka, lawama huangukia chaja. Lakini sehemu ya uchakavu hutokea kwenye kathodi, yaani upande chanya, tena juujuu ya chembe zake. Katika simu nyingi kathodi hiyo ni oksidi ya lithiamu na kobalti, ambayo John Goodenough na wenzake waliibuni Oxford mwaka 1980, na kobalti yenyewe, kwa kiasi kikubwa, hutoka Kongo. Kwa nadharia, gramu moja ya oksidi hiyo hubeba mAh 274, ila ukiishia volti 4.2 unapata kama 140 tu. Ukilazimisha zaidi, oksijeni ya usoni hulegea na kobalti huanza kuyeyuka. Isitoshe, chumvi iliyomo katika elektrolaiti ikikutana na unyevu, hata kidogo sana, huzaa asidi ya hidrofloriki inayoitafuna kathodi. Kwa hiyo kabla ya kusaka madini mapya, ni busara kuulinda uso wa haya tuliyo nayo.

Kinga inayojulikana zaidi ni oksidi ya alumini. Hiyo huipokea asidi na kugeuka floridi ya alumini, chembe iliyo chini yake ikasalimika. Mtu atauliza: oksidi hiyo ni kihami, itaipitishaje lithiamu? Swali ni la haki, na utando mnene kweli huiziba njia. Ndiyo maana hupimwa kwa nanomita. Ili kupata wembamba huo, mvuke wenye alumini hupulizwa juu ya unga wa kathodi, kisha mvuke wa maji, na kila mzunguko huongeza takriban sehemu moja ya kumi ya nanomita. Kuchanganya kwa maji na kuoka ni rahisi zaidi, ila utando hutoka na mabaka.

Wengine wanasema tuachane na kobalti, tutumie fosfeti ya chuma. Sawa, lakini hiyo nayo hupakwa kaboni, la sivyo umeme hupita kwa shida.

Pingamizi zito ni la kathodi zenye nikeli nyingi, zile za magari. Chembe zake hutanuka na kusinyaa hadi zinapasuka kwa ndani, elektrolaiti ikapenya kwenye nyuso zisizopakwa chochote. Hapo kupaka nje tu hakutoshi. Inabidi kinga ipenyezwe mipakani mwa punje zinazounda chembe, au chembe itengenezwe kwa fuwele moja isiyo na mipaka hiyo.